Mwembe tuliouchoma makaa

Mwembe wa uani petu Muyeye ulikatwa mwezi wa Septemba, na mimi ndiye niliyemlipa mwenye msumeno. Shilingi 6,000. Shina na matawi tukachoma makaa, yakatoka magunia manne, nikaona nimepiga hesabu ya maana: kiwanja kimekuwa cheupe, fundi anaweza kuanza, na jikoni nina makaa ya miezi. Mavyaa wangu alitoka katika nyumba yake ya makuti, ambayo nayo ilikuwa imeshapangiwa kubomolewa, akaliangalia lile jua lililoingia uwanjani kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaniuliza, "Mwanangu, sasa mchana tutakaa wapi?" Nikamwambia tutakaa ndani, nyumba itakuwa kubwa.

Naandika haya kwa sababu kila nikipita hapa Malindi naona viwanja vinasafishwa vile vile nilivyosafisha changu: mti kwanza, nyasi baadaye, kisha saruji mpaka kwenye ukuta. Kila familia inaamua peke yake, na kila moja ina sababu zake. Mimi nilikuwa na zangu, na zimenigharimu pesa, usingizi, na karibu zinigharimu mtoto.

Mume wangu yuko Doha, Qatar. Yeye alikuwa akituma pesa, mimi nikisimamia. Tulitaka nyumba ambayo mtu akipita atajua hapa pana kazi imefanywa. Kuta za mawe ya kukata, unene wa nusu futi. Mabati ya rangi ya damu ya mzee, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakipendeza mtaani mwaka ule. Madirisha ya vioo vya kusukuma, ambayo nilikuja kugundua baadaye kwamba yanafunguka nusu tu, nusu nyingine daima imezibwa na kioo chenzake. Matundu ya hewa juu ya madirisha nilimwambia fundi ayazibe, nikiogopa mbu na vumbi. Uani tukatandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, kote, tusikanyage matope tena. Tukazunguka na ukuta wa futi tisa. Pesa zikaisha kabla ya dari, tukasema dari itakuja. Tukahamia Desemba, kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma.

Anayeishi pwani anaijua kaskazi: Januari bado unavumilia, Februari unaanza kulalamika, na Machi, kabla ya mvua za mwaka, hewa inasimama na fukuto linakaa juu ya kifua. Hilo nimekua nalo. Lakini joto la nyumba ile halikuwa lile nililokua nalo. Lile la zamani lilikuwa la mchana, jua likizama linapungua, unatandika mkeka barazani na upepo unakuja. Hili lilikuwa linaanza upya usiku. Saa nne za usiku ukiweka kiganja ukutani unahisi kama umeshika paji la uso la mgonjwa wa homa. Feni ilikuwa inazungusha hewa moto tu. Watoto wakavua nguo wakalala kwenye sakafu, na mavyaa wangu, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, akawa anatoa kiti chake barabarani na kukaa huko mpaka saa sita.

Nikafanya alichofanya kila mwenye uwezo kidogo. Nikanunua kiyoyozi, shilingi 52,000 pamoja na ufundi. Tokeni za stima zikapanda kutoka kama 1,500 kwa mwezi hadi zaidi ya 6,000. Kilipoza chumba kimoja. Ile sehemu yake ya nje, inayotoa joto, fundi aliifunga pahali ikawa inapuliza moja kwa moja kwenye dirisha la bibi jirani yetu. Sikuliona hilo. Nilikuwa ndani, mlango umefungwa.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne alipoanza kukohoa. Alikohoa usiku, na zaidi alfajiri. Nikasema ni kifua, ni feni, ni kulala sakafuni. Nikaenda duka la dawa nikapewa sharubati ya kikohozi. Haikusaidia, nikapewa antibayotiki. Baada ya wiki nyingine, antibayotiki tofauti. Nilifanya hivyo miezi mitano. Sikuwahi kumpeleka mtoto apimwe kifua na mtu anayejua, kwa sababu dawa ya dukani ilikuwa shilingi mia tatu na daktari ni elfu moja na mia tano kabla hajaandika chochote. Mwenye mtoto anayekohoa usiku kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, hasa akitoa mlio kama filimbi anapopumua, asifanye kama mimi. Zile mia tatu mia tatu zilipita bei ya daktari mara nne.

Usiku wa mambo yenyewe ulikuwa Machi. Saa tisa alfajiri aliniamsha kwa kunivuta kanga. Hakuweza kusema. Mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi na midomo imebadilika rangi. Tuktuk ya jirani ndiyo iliyotufikisha hospitali. Wakamvisha barakoa ya mvuke wa dawa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka jua likatoka ndipo akaniomba maji. Nilikaa pale kwenye benchi nikiwa nimevaa kanga mbili zisizolingana, nikimwomba Mungu na kumlaumu kwa wakati mmoja.

Daktari aliniambia ni pumu. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Mnapika kwa nini? Taka mnazipeleka wapi? Nyumba ina madirisha mangapi yanayofunguka? Nikajibu kwa ukweli. Tunapika kwa gesi, ikiisha tunapika kwa makaa, jiko nimeliweka kwenye kijia cha ndani kwa sababu nje pana jua. Taka ninazichoma. Kila magharibi, nyuma ya jikoni: majani, maganda, nepi, mifuko, chupa za plastiki. Nilisema kwa kujivunia kidogo, maana kwetu mwanamke anayechoma taka kila siku ni mwanamke msafi.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba katika moshi kuna chembe ndogo sana, zenye upana wa chini ya mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwa una kama mikromita 70. Pua haizizuii, zinafika mwisho kabisa wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachoshauri kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Plastiki ikichomwa uwanjani, akasema, huongeza sumu juu ya masizi. Na makaa ndani ya nyumba hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua watu wamelala. Huenda moshi wangu haukuleta pumu yenyewe. Lakini ndio uliokuwa ukiiamsha.

Tulitoka na dawa mbili za kuvuta, ya kutuliza na ya kuzuia, na kopo la kuvutia, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa ile moja kwa moja ikamfika. Kwa asiye na pesa ya kopo, muuguzi alinionyesha jinsi linavyotengenezwa kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Na tafadhali, ile ya kuzuia hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Mimi niliiacha baada ya wiki tatu nikiona amepona, tukarudi kwenye barakoa mwezi wa tano.

Shemeji yangu anafundisha jiografia sekondari. Alikuja kumtazama mtoto, akakaa sebuleni dakika kumi shati likalowa, akasema, "Shemeji, nyumba hii mmeijenga iwe jiko." Kesho yake akaja na vipimajoto viwili. Tukaanza kupima, na kosa la kwanza nikalifanya siku hiyo hiyo: nilitundika changu kwenye ukuta unaopigwa na jua, kikasoma nyuzi 41. Hapo, akanieleza, nimepima ukuta, sijapima hewa. Kipimajoto hukaa kivulini, mbali na ukuta, urefu wa kifua cha mtu mzima. Tukaweka kimoja uani petu, kingine chini ya mikwaju kwenye shamba la ami yake nje ya mji. Saa tatu za usiku, siku nne mfululizo, petu palikuwa na nyuzi 30 au 31, kule 27 au 28. Ni mwendo wa bodaboda wa dakika kumi na tano. Bahari ni moja, na usiku ni ule ule.

Nikamwuliza kama hilo ndilo joto la dunia wanalolisema redioni. Akasema lile lipo, limetukuta sote, wa mjini na wa shamba. Hili ni letu, tumeliweka juu ya lile. Akanihadithia Muingereza mmoja, Luke Howard, mtengeneza dawa, ndiye yule aliyeyapa mawingu majina yanayotumika mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 alipima joto la London na la mashambani kwa miaka, akakuta usiku wa mjini una joto zaidi kwa kama nyuzi mbili. Miaka mia mbili iliyopita, bila magari, bila viyoyozi.

Sababu zenyewe alinieleza kwa vyombo vya jikoni, na ndipo nilipoelewa. Saruji na kabro ni kama kikaango cha chapati: ukikitoa motoni hakipoi saa hiyo, kinaendelea kuunguza. Jua linaingia mchana kutwa, joto linatoka usiku kucha. Rangi iliyokoza hunywa jua, nyeupe hulirudisha. Mti nao ni kama mtungi. Mtungi unatoa jasho, na kwa kutoa jasho maji yake yanakuwa baridi, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Mwembe mkubwa ulikuwa unafanya hivyo kila mchana juu ya uwanja wetu, bila tokeni hata moja. Nilinyamaza. Nilikuwa nakumbuka yale magunia manne.

Na moshi wangu wa magharibi? Nilikuwa nimechagua saa mbaya kuliko zote. Jua likizama ardhi inapoa, hewa iliyogusana nayo inapoa na kukaa chini, hewa yenye joto inabaki juu yake kama kifuniko cha sufuria. Usiku usio na upepo moshi haupandi, unatambaa na kuingia madirishani. Desemba 1952 London ilifunikwa hivyo siku tano na moshi wa makaa ya mawe, wakafa maelfu, na mwaka 1956 ikatungwa sheria. Mimi nilikuwa nikifanya jambo hilo hilo kwa nyumba moja, na majirani wote walikuwa wakifanya la kwao.

Likizo ya Agosti nikawapeleka watoto Amu, yaani Lamu, kwa shangazi, basi mpaka Mokowe kisha boti. Sikwenda kujifunza, nilikwenda kupumzika. Lakini ukishakuwa na kipimajoto mkobani huachi kukitoa. Nyumba ya shangazi iko Mkomani, ndani ya ule mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, na zaidi. Dari la boriti liko juu. Katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi mbinguni, joto linapanda na kutokea hapo huku upepo ukiingia kwa chini. Nje vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukuta mmoja unaupa mwingine kivuli, na pale penye wikio, kile chumba kilichovuka juu ya njia, unapita mchana wa jua kali bila kuinamisha kichwa. Punda na miguu ndiyo usafiri. Mwanangu alilala siku tisa bila kukohoa.

Shangazi alinisimulia jinsi watu wa Amu walivyosimama miaka kadhaa dhidi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, mpaka mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake Juni 2019. Alisimulia kwa fahari, na ana haki nayo. Nilimsikiliza nikiwa na aibu ambayo sikumwambia. Wenzangu wamepigania hewa dhidi ya mtambo mzima, mimi nimeshindwa kuzima moto wa nepi.

Tuliporudi nikaanza kurekebisha, na nitasema yaliyokwenda vibaya pia. Sikuweza kuihamisha nyumba ya shangazi Muyeye. Kwetu viwanja ni vipana, hakuna ukuta wa jirani wa kukupa kivuli, kwa hiyo bila mti hupati kitu. Paa nilitaka liwe jeupe kwa bei rahisi, nikanunua chokaa, vijana wakapaka. Lilipendeza wiki sita. Mvua za vuli zikaiosha chokaa yote, ikaishia kwenye tangi la maji. Chokaa hushika kwenye mawe, kwenye mabati haishiki. Mara ya pili tuliosha mabati, tukayakwangua kwa msasa, tukapaka rangi nyeupe ya paa mikono miwili. Shilingi 23,000 pamoja na kazi. Dari tukaliweka, lakini nilimsimamia fundi aache nafasi chini ya ncha za paa hewa ipite juu ya dari, kwa kuwa dari lisilopumua hufuga joto. Matundu niliyoyaziba nikayafungua na kuwekea wavu wa mbu, kazi ya siku mbili. Hayo matundu ndiyo ya bei ndogo kuliko yote, na kama ningelazimika kuchagua moja tu, ningechagua hayo. Mchana wa kaskazi iliyofuata, sebuleni palikuwa pamepungua nyuzi 4. Kiyoyozi nimekiuza.

Miti nilipanda Februari kwa haraka ya toba, ikakauka yote. Panda mvua za mwaka zikianza. Aprili nikapanda mwarobaini miwili, ambao wengi hapa huuita mkilifi, na mkungu mmoja, mbali na msingi kwa sababu ya mizizi. Nusu ya kabro nikaing'oa, pakawa udongo na ukoka. Mvua ikinyesha sasa maji yanazama, zamani yalikuwa yanatoka getini na kuingia kwa watu. Mti huchukua miaka, basi upande wa magharibi nikatambaza pasheni kwenye waya, na kivuli chake nilikipata kabla mwaka haujaisha.

Lililo gumu zaidi lilikuwa bibi jirani. Siku moja nikienda kwake kupeleka futari niliona baraza yake imejaa vyuma na madumu. Baraza ile ndiyo aliyokuwa akikaa kila alasiri kusuka ukili. Nikamwuliza, "Shikamoo bi. Mbona hukai tena nje?" Akasema upepo hauji tena hapa, mwanangu, tangu ule ukuta. Hakusema ukuta wako. Na lile joto la kiyoyozi lililokuwa likimpuliza dirishani miaka miwili hakulitaja kabisa. Nikamtaka radhi pale pale. Mume wangu alikataa kwa simu kuuvunja ukuta, akitaja wezi, tukabishana wiki nzima. Mwisho tukapatana: futi tano tukaziacha, juu yake tukajenga kwa matofali ya matundu. Shilingi 18,000. Kusi ilipoanza nilimtuma mtoto kuchungulia, akarudi akisema bibi ametoa madumu.

Taka tumekubaliana nyumba saba, kila moja shilingi 200 kwa mwezi, anakuja kijana wa mkokoteni Jumatano na Jumamosi. Maganda nayafukia chini ya miti. Chupa anazichukua mnunuzi. Nyumba moja bado inachoma, na najua kwamba hata jaani kwenyewe wakati mwingine panawaka moto, kwa hiyo kinachokwenda huko nakipunguza kwanza, kuhamisha moshi hakumsaidii mtoto wa mwingine. Nyumba ile inayochoma naiendea kwa upole, mama mwenyewe ana mjukuu anayekohoa.

Mwezi uliopita kiwanja cha mashariki, kati yetu na bahari, kimenunuliwa. Bango linasema ghorofa tatu. Kiwanja kina mikwaju miwili mikubwa kuliko mwembe wetu. Nilimpata mwenyewe siku aliyokuja na mpima ardhi, nikamkaribisha chai ya maziwa, nikampa kipimajoto akishike, nikampeleka uani petu kisha chini ya mikwaju yake. Alisoma namba zote mbili bila kusema neno. Mkwaju wa upande wa barabara amesema utabaki. Wa pili uko pale pale msingi utakapopita. Nimemwomba angalau asogeze jengo futi kumi kutoka mpakani, upepo upate njia, akasema atazungumza na mchoraji wa ramani. Mavyaa wangu amekwenda kuokota ukwaju, anasema atausindika mwingi mwaka huu.